Ofisa wa Lango

Guangzhou

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima nyote, na goti lako liwe limeanza kukubali kukunjika ukisujudu. Presha ya Mama ikoje? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu vibanda vya simu hapa vimebanana, na siku hizi sijui nani anasikiliza. Barua hii anakuletea mfanyabiashara wa Mwanza aliyekuja kununua nguo. Tafadhali usimwulize habari zangu. Atakayokwambia ameyasikia kwa watu.

Nilikueleza kwamba chuo kimenikubalia niandike juu ya mgambo wa vijiji vya huku, wa karne ya kumi na tisa. Ulicheka, ukasema mgambo ni mgambo tu. Kumbe ni kweli. Kila kijiji kilikuwa na maofisa wake. Palikuwa na mkuu wa kuwaongoza vijana, wa chakula wa kuangalia ghala lisikaukiwe mchele, wa kupiga upatu adui akionekana, na wa lango. Huyu wa lango ndiye aliyenivutia zaidi. Kazi yake ilikuwa kumjua kila mgeni: katoka wapi, kalala kwa nani, nani anamdhamini. Mgeni akifanya ubaya, wa kwanza kuulizwa alikuwa yeye.

Kijiji ninachokaa kimemezwa na jiji, kiko nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu. Majengo yamesogeleana hata jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Lakini jumba la ukoo wa wenyeji bado lipo, na mwaka huu wazee waliamua kuigiza, siku ya sikukuu yao, jinsi maofisa wale walivyokuwa wakifanya kazi. Uofisa wa lango alipewa Bwana Liang, ambaye ndiye mkuu wa walinzi wa kijiji hata leo. Ni mtu wa makamo, si msemaji, hutembea mikono mgongoni, na kila nikitoka chuoni namkuta amesimama karibu na ngazi zetu.

Siku moja alinisimamisha.

"Wewe unayesoma mambo ya mgambo," akasema, "tunahitaji wageni wa kuja langoni. Utakuja?"

Nikamwambia nitakuja.

"Mlete na rafiki yako. Yule anayelala chumba cha ndani."

Baba, niliitikia, nikapanda ngazi mbio. Anayelala chumba cha ndani ni Athumani, kijana wa Mombasa, anayenunua mikoba katika mji wa Shiling. Viza yake iliisha mzigo wake ulipokwama, akaogopa kwenda kujieleza, nikampa pa kulala. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Athumani aliposikia aliweka kikombe chini. "Huyo yuwatutega. Watatukusanya uani mwa jumba lao, wafunge mlango, waite polisi."

"Basi usiende."

"Nisipoenda atajua najificha. Kwani hajui? Yuajua!"

Akaenda. Ua ulijaa watu, na kwenye benchi la mbele walikaa askari wawili waliovaa sare. Upatu ulipigwa. Athumani akaja langoni na furushi begani, na Bwana Liang, amevaa joho la buluu, akamzuia kwa mkuki. Katika mazoezi tulikuwa tumekubaliana kwamba mgeni ataulizwa nani anamjua, watu watanyamaza, kisha atafungwa kamba aondolewe.

"Nani anamjua mtu huyu?" Bwana Liang akauliza.

Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii aligeuka akaniangalia mimi. Hilo halikuwa katika mazoezi. Niliinamisha kichwa, nikawa naangalia viatu vyangu.

Ndipo mama mmoja anayeuza tambi pale mtaani akapiga kelele kutoka nyuma: "Mimi namjua! Kila siku anakula kwangu, na pilipili hataki!"

Watu wakaangua kicheko, hata wale askari. Bwana Liang akashusha mkuki, akampisha. Mimi nami nilicheka, lakini Athumani alininong'oneza, "Wacheka nini? Sasa polisi wanijua sura."

Baada ya sikukuu, Bwana Liang alibisha hodi kwetu kwa mara ya kwanza. Hakuingia ndani.

"Mwambie rafiki yako aende mwenyewe uhamiaji kabla ya wiki kwisha. Akienda mwenyewe ni jambo moja, akikutwa ni jambo jingine."

"Kwa nini unatuambia?"

"Lango ni langu," akajibu, akashuka ngazi.

Tulibishana sana. Athumani alisema tunapelekwa machinjioni kwa miguu yetu wenyewe, nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Mwishowe alisema amechoka kusikiliza nyayo za watu ngazini. Nikamsindikiza hadi mlangoni pa ofisi. Walimshikilia siku chache, wakampandisha ndege. Amenipigia kutoka kwao, anasema, "Nimelala usingizi, wallahi."

Wiki ile haikuisha, msako wa wageni wasio na vibali ukapita jengo kwa jengo. Walichukuliwa wengi, hata Msukuma mwenzetu niliyekuwa nikila naye. Kwetu waligonga, Bwana Liang akasema neno nyuma yao ambalo sikulisikia, wakapita.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanza. Karibu na barabara ya Zhanqian kuna mgahawa wa Mkongo tunapokutana. Sasa nikiingia, maongezi yanakatika. Juzi mmoja aliniuliza, "Vipi, ofisa? Leo umemfuata nani?" Hakuna aliyecheka. Nimeapa kwamba sikumtaja mtu, hawaniamini, na siwezi kuwaita wajinga. Mimi mwenyewe sijui nani alimwambia Bwana Liang habari za chumba cha ndani. Sijui kama alituhurumia au alitaka tu jengo lake lionekane safi. Akinisalimia ngazini naitikia huku naangalia nani anatuona.

Nisalimie sana Mama, dada yangu nesi na watoto wake, shangazi mfuga kuku, na mjomba fundi baiskeli, mwambie spana alizoniagiza sijazisahau.

Baba, nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikufuata dukani ukiwa na sare zako za mgambo. Watu waliokuwa wakipiga soga barazani walinyamaza tukifika, nami nilijivuna, nikidhani ile ni heshima. Je, wewe ulikuwa ukijua kuwa ni hofu? Na ulipoambiwa nyumba ya kupekuliwa, ulikuwa ukimwonya mtu? Nijibu kwa mkono wako, usimwachie dada aandike.

Mwanao akupendaye,
Hamisi