Minyaa ya Mayu Nyanjige

KAMATI YA UJENZI WA NYUMBA YA WAJAWAZITO WANAOSUBIRI KUJIFUNGUA, SAPIWI

Kikao cha tatu, Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996, katika banda la kupimia pamba.

Waliohudhuria: Ndg. Ngassa (Mwenyekiti), Ndg. Josia (fundi), Ndg. Joakim (mjumbe), Bi. Nyanjige (mjumbe, aliyetoa kiwanja), Bi. Domitila (Katibu).
Asiyehudhuria: Bi. Wilhelmina, yuko msibani Mkula. Kamati inampa pole.

KUMB. NA. 1/3/96: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Aliomba maneno yawe machache, kwa kuwa siku hizi wanunuzi binafsi wa pamba wanagombania wakulima na yeye ni wakala wa mmoja wao. Wajumbe walikubali. Maneno hayakuwa machache.

KUMB. NA. 2/3/96: MATOFALI
Ndg. Joakim alieleza kwamba kuchoma matofali kutamaliza miti ya ngitili, yaani malisho yetu tuliyoyafunga ili majani na miti viote tena. Fundi alisema udongo wa kichuguu ukifyatuliwa vizuri na kukaushwa kivulini hauhitaji moto, mradi msingi uwe wa mawe na paa litokeze nje sana ili mvua isiguse kuta. Mwenyekiti alisema nyumba ya tope itachekwa. Fundi alimuuliza yeye analala kwenye nyumba ya nini. Ilikubaliwa matofali yasichomwe.

KUMB. NA. 3/3/96: UA WA MINYAA
Mwenyekiti alipendekeza ua wa minyaa ulioko mashariki mwa kiwanja ung'olewe, ili nyumba ikae kwa urefu kando ya barabara na wenye malori ya pamba waione. Aliongeza kwamba utomvu wa minyaa unaharibu macho, na watoto watakuwepo.

Bi. Nyanjige alikataa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba amekataa hivyo hivyo vikao vyote bila kutoa sababu, wakati kiwanja alikitoa mwenyewe kwa hiari. Alisema, "Mayu," yaani mama, "umetupa ng'ombe halafu umeshika mkia." Baadaye aliomba maneno hayo yasiandikwe. Katibu ameyaandika kwa sababu yalisemwa.

 Ndipo Bi. Nyanjige alieleza kwamba hapo palikuwa na kaya yake kabla ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka 1974. Siku ya kuhama, nyumba ilikuwa imeshaezuliwa paa ndipo uchungu ukamshika. Alijifungulia chini ya minyaa, maana hapakuwa na kivuli kingine. Mtoto alikuwa wa kike, na hakufika jioni. Walimzika ndani ya ua, wakapanda gari.

"Hatukupewa nafasi ya kuweka hata jiwe," alisema. "Alama yangu ni ile minyaa. Ikitoka, sitajua nikanyage wapi."

Katibu alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwamba hakutaka wanaokuja kuzaa wapaogope. Kiwanja alikitoa ili mwingine akishikwa na uchungu pale akute paa.

 Katibu alilia, na hilo linaandikwa pia.

Fundi alichora chini kwa kijiti. Alisema nyumba ikigeuzwa, kuta fupi zielekee macheo na machweo, jua halitapiga kuta ndefu na wajawazito hawatateseka na joto. Minyaa ikibaki itazuia upepo wa kiangazi na vumbi la malori. Kuhusu macho ya watoto, utajengwa ukuta wa mawe mbele ya minyaa, na kati ya ukuta na minyaa hapatachimbwa. Alitaka ijulikane kwamba hasemi hivyo kwa huruma tu. Ramani ya kwanza ilikuwa mbaya tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza.

Ndg. Joakim aliuliza sasa watu wa barabarani wataona nini. Mwenyekiti alijibu, "Wataona minyaa. Mwenye shida atauliza njia." Ilikubaliwa na wote. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Mwenyekiti, na alimwambia Bi. Nyanjige, "Nisamehe, mayu."

KUMB. NA. 4/3/96: RAMANI MPYA
Katibu aliagizwa kuchora ramani upya. Aliuliza ile nafasi kati ya ukuta na minyaa iandikweje, kwani wachimbaji wa choo na wa tangi la maji ya mvua watatoka mbali na hawajui habari zetu. Ndg. Joakim alipendekeza iandikwe "Kaburi". Bi. Nyanjige alisema neno hilo halifai katika nyumba ya wazazi. Mwenyekiti alipendekeza jina la mtoto. Bi. Nyanjige alijibu kwamba hakuwahi kumpa jina.

Alifikiri, kisha akamwambia Katibu, "Andika, mtoto amelala. Mwenye jembe akisoma hivyo atapita pembeni."

Imeandikwa hivyo.

Hapakuwa na mengineyo. Wajumbe waliondoka bandani saa saba mchana na kumsindikiza Bi. Nyanjige hadi kiwanjani.

Ngassa, Mwenyekiti ..................
Domitila, Katibu ..................