Nazi Zako Hazijaanguliwa

Boma la Mzee Thuku,
Magarini,
Kwa Posta ya Malindi.
Jumapili, 14 Oktoba 1984.

Mpendwa mwanangu Nzai,

Salamu nyingi zikufikie huko Uingereza, zikukute u mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Baridi yaendeleaje? Na kifua kilichokusumbua mwaka jana, kimepona? Tafadhali usinijibu kwa neno "salama" peke yake. Hilo ni jibu la mpita njia, nawe ni mtoto wa nyumba hii.

Sisi tungali hai, kwa rehema za Mungu. Mvua ya masika haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na muhogo tuliochimba ulikuwa mizizi mitupu. Serikali imeleta mahindi ya manjano, nasi tunayapangia foleni kwa chifu tangu alfajiri. Macho yangu yamepungua nuru, lakini bado naandika kwa mkono wangu, kama uonavyo.

Barua yako ndefu ilifika. Mara ya kwanza niliisoma kama mwalimu, nikafurahi, kwa kuwa sentensi zako zimesimama sawasawa. Mara ya pili niliisoma kama ndugu wa marehemu baba yako, na chakula kikanishinda.

Umenieleza falsafa unayoisomea, hiyo uiitayo uliberali. Wasema kwamba binadamu huzaliwa huru na mwenye akili, na kwamba yeye ndiye ajuaye lililo jema kwake kuliko mfalme, kuhani au ukoo. Wasema jamii si mwili mmoja wenye kichwa kimoja, bali ni watu waliokubaliana kuishi pamoja. Watu wawili wakiuziana kwa hiari, kila mmoja huondoka na faida yake, la sivyo asingekubali. Nayo serikali, wasema, ni mfano wa askari mlinzi: amzuie mwizi, asimamie mapatano, kisha akae langoni asiingie jikoni mwa watu.

Umeyaeleza vizuri, wala sina ugomvi nayo. Baadhi ya hayo niliyafundisha darasani wakati wa mkoloni, nikaonywa kwa barua.

Kisha ukaanza aya mpya. Ukasema kwamba, kwa kuwa hati ya shamba hili ina jina lako, umekubaliana na tajiri mmoja wa Nairobi kumwuzia, upate mtaji wa biashara utakapomaliza masomo; na kwamba mimi niende mbele ya bodi ya ardhi mwezi wa Desemba, niseme kwa niaba ya jamaa zako kwamba hatuna pingamizi. Mwanangu, hayo uliyaandika kama mtu anayeagiza sabuni.

Tajiri huyo hakungoja Desemba. Alikuja hapa na kijana mwenye kopo la rangi nyeupe, wakatia alama minazi itakayokatwa. Ni yote. Shangazi yako Kahonzi alikwenda akasimama mbele ya mnazi wake, mikono kiunoni, akamwambia yule kijana, "Nipake na mimi, baba. Usinibague na mwenzangu." Kijana alicheka akapita. Lakini shangazi yako alipokwenda kutafuta maji, yule kijana alirudi akaupaka ule mnazi.

Nilikwenda mjini kwenye ofisi ya ardhi. Karani alinipa kiti, kwa kuwa nilimfundisha ndugu yake, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "hati ina jina moja. Minazi haimo ndani ya hati." Mlinzi wako yuko langoni kama vitabu vitakavyo, Nzai, ila ametupa mgongo sisi tulio ndani.

Labda baridi imekusahaulisha, kwa hiyo nitakukumbusha. Katika boma hili kila mtoto anapozaliwa, awe wa kiume au wa kike, hupandiwa mnazi. Babu yako Thuku ndiye aliyeanza. Tangu siku ile mnazi ni wa mtoto, si wa baba yake wala wa mwenye udongo. Kahonzi aliolewa, akafiwa, akarudi, na muda wote huo hakuna aliyegusa nazi zake bila ruhusa yake. Hapa pwani nzima mtu aweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na miti iliyo juu yake, wala wasigombane. Ofisa wa kugawa mashamba alipotaka jina moja, tulitoa lako kwa sababu ulikuwa mtoto wa kaka yangu mkubwa na ulikuwa shuleni. Tulikupa udongo tu. Minazi haikuwa yetu hata tukupe.

Basi nakuuliza kwa lugha ya vitabu vyako. Ikiwa mtu ni huru na mali yake ni yake, utamwuziaje tajiri mnazi wa shangazi yako? Je, mmeuziana wawili kwa hiari? Yuko wa tatu ambaye hakuitwa, na wa nne, na mtoto wa dada yako Easter, aliyezaliwa mwezi wa Machi, ambaye mche wake bado twaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mapatano yenu hayana hiari ya hata mmoja wao. Sikukatazi kuwa huru. Nakuomba ujue kwamba si wewe peke yako uliye huru.

Wala sitakuficha kwamba si wote walio upande wangu. Mwanangu Kitsao, ambaye mnazi wake ameupangisha kwa mgema wa pombe, jambo ninalolichukia, ameniambia mbele ya watu, "Baba, mimi wangu nauza. Kwani si wangu?" Nilitaka kumkemea, nikamwacha. Ni wake. Usiku ule sikulala, kwa maana niliona kwamba nikimlazimisha, nitakuwa nimefanya lilelile ninalokulalamikia wewe.

Ndiyo maana siwezi kwenda mbele ya bodi nikasema "sote twakubali", wala siwezi kusema "sote twakataa". Yote mawili ni uongo. Njoo mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, tumwulize kila mmoja peke yake, pasipo mimi kumkodolea macho. Atakayeuza, auze. Atakayekataa, mnazi wake ubaki pamoja na njia ya kuufikia, na tajiri aandike hivyo katika mapatano. Asipotaka, akatafute shamba kwingine. Nimekwenda kwa chifu, kwa kasisi, na kwa wakili mjini ambaye hakuinua hata kichwa. Mlango uliobaki ni wako, na uko mbali, na Desemba inakuja.

Sasa nitavunja neno la mama yako.

Sidi alinikataza nisikuandikie jambo hili. Mnazi aliopandiwa yeye ulikuwa kwao Jilore, nao ulikufa mwaka juzi kwa kuliwa na chonga, yule mdudu mweusi wa minazi. Sisi twamgawia nazi zetu, lakini kwa njaa hii tumeiangua minazi yetu hata madafu yamekwisha. Mnazi mmoja tu katika boma hili una nazi zilizokomaa, nao ni wako.

Mama yako haugusi. Ulipoondoka hukusema neno lolote juu ya mnazi wako, naye amelichukulia hilo kuwa hukumruhusu mtu. Nazi zikianguka zenyewe, huziacha pale pale. Zimeota, Nzai. Chini ya mnazi wako pana kichaka cha miche, na watoto huzunguka wasikikanyage.

Kahonzi humcheka: "Sidi, mwanao anakula siagi Ulaya, nawe wamlindia nazi kama askari wa benki!"

"Siagi ni yake na nazi ni zake," mama yako humjibu. "Akisema, nitaangua."

Nilipotaka kukuandikia uruhusu, alinishika mkono. Alisema mtu akitoa ruhusa kwa kuogopa njaa ya mama yake, huyo hakuruhusu, amelazimishwa. Nimesoma kurasa zako zote tatu juu ya uhuru, wala sikuona neno lililonyooka kama hilo. Lakini amekonda. Pete yake ya ndoa sasa huifungia uzi ili isianguke. Hula mahindi ya manjano yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, amekaa kwenye kizingiti, akiutazama mnazi uliojaa. Alama nyeupe ya tajiri wako iko shinani pake. Mnazi ambao mama yako hathubutu kuuangua ili asikudhulumu, wewe umeuuza ukatwe.

Kahonzi anakusalimu, ingawa amesema nisiandike kwamba anakusalimu. Kitsao anakusalimu na anauliza bei. Easter na mtoto wake wanakusalimu, na mtoto huyo ameota jino. Mama yako hajui ninachoandika. Ameniagiza tu nikwambie uvae sweta.

Mambo ya ardhi nijibu utakapoweza, kwa barua, baada ya kufikiri kama mtu mwenye akili uliyosema kila binadamu amezaliwa nayo. Hilo la pili halingoji barua. Nenda posta siku utakayoisoma hii, upige telegramu. Telegramu hulipiwa kwa neno, nami sihitaji ila maneno mawili, nitamsomea mwenyewe kizingitini pake:

Mama, angua.

Mungu akulinde katika nchi ya watu, akurudishe ungali wetu.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Karisa wa Thuku