Mizani ya Kalundu na mashine ya sukari

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana kutoka Uvira. Huku tuko wazima. Dada yako amezaa binti, sauti yake inatushinda wote.

Umeniuliza kwa nini nilikatala insulini ya kuongeza, na mashine ya kupima sukari ya damu ilikuwa imeandika mia tatu. Sikia basi.

Nikiwa kijana, nilifuata mama kwenye bandari ya Kalundu kununua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Kabla wapime, mama alipangusa sahani ya mizani na kitenge chake, maana muchanga na samaki za jana vilikuwa vimeganda pale. Muuzaji akakasirika: "Mama, mizani yangu haidanganyi!"

"Haidanganyi," mama akajibu. "Lakini inapima na uchafu wako." Watu nyuma yetu walipiga kelele, yeye akaendelea kupangusa.

Sasa, siku ile mujomba wako alinichoma kidole wakati nilikuwa nakamua ndizi mbivu, maji yake yamenifika kwenye viwiko. Mashine ikasema mia tatu, nyumba nzima ikalia, sindano ikaletwa. Nikasema hapana. Nikanawa na sabuni, nikakausha vidole, nikamuambia achome tena. Mia moja na makumi tatu.

Miye sina vita na mashine. Ikisema mia tatu juu ya mukono safi, nitafunua tumbo mwenyewe wanichome. Lakini hii damu ni yangu, Neema, na hakuna muntu atanitibu sukari ya ndizi.

Bibi yako, mikono nimenawa.