Sweta ya Mumbua

Wavinya, usiniambie hukuona. Katibu mzima wa wazazi, umesimama mlangoni unakodolea simu macho kama mtu anasoma Biblia!

Miaka miwili Kasiva anaambiwa chekechea haina pahali pa mtoto hatembei. Jana Ticha Pauline akampigia mwenyewe: "Mama Mumbua, mlete kesho. Sasa tunachukua watoto wote."

Watoto wote! Kasiva akampaka Mumbua mafuta mpaka akang'aa, akambeba mgongoni kutoka kule mtoni.

Wakamvalisha sweta ya shule, wakamkalisha mbele chini ya karatasi imeandikwa KILA MTOTO NI WETU. Wageni wa kaunti wakapiga picha. Mumbua akaimba kuliko wote.

Gari yao haijafika barabarani, Ticha akamvua sweta. Akamvua, Wavinya, mtoto bado anaimba! "Asante, Mama Mumbua. Tutakuita wakija tena."

Wakija tena. Kama kiti cha kukodi cha matanga.

Kasiva akauliza, "Na kesho asubuhi?"

Ticha akacheka. "Kesho nani atampeleka choo? Hao wageni?"

Mtoto wa Mwanzia walimfanyia hivi hivi 2019. Mimi nilipiga kelele, nikakatazwa kuvuka hili lango la shule. Wewe ulinyamaza, ukapewa ukatibu.

Niko nje hapa na Kasiva, amenieleza yote. Mumbua anauliza sweta yake iko wapi. Wageni bado wako kwa chifu wanakula mbuzi. Ingia ofisini, chukua hiyo sweta, uje umvalishe, umbebe wewe mwenyewe mpaka mbele ya sahani zao. Usinijibu kwa simu. Toka sasa.