Shimo la Kumi na Moja

Jumatatu, 10 Machi 2025

Asubuhi Hurlingham, kwa daktari wa mifupa. Ameangalia picha ya kifundo cha mkono mara mbili — sipendi daktari akirudia kuangalia. Mwishowe amesema nikibahatika nina msimu mmoja. Baada ya hapo hata kukamua nguo itakuwa shida. Nikamwambia msimu mmoja unanitosha. Ameniangalia ni kama nimemtusi.

Miaka thelathini na nne. Nane kati ya hiyo nimecheza gofu ya kulipwa, na bado mtu akiniuliza kazi yangu nasema mimi ni mwalimu, ndio asianze maswali. Sasa wiki hii nafasi ni moja tu. Anayeshinda hizi siku tatu anaingia ziara ya wanawake ya ng'ambo, msimu mzima. Wa pili anapigiwa makofi anaenda nyumbani.

Saa tisa Lavington, kwa yule mama ninayemfundisha kwa nyasi ya nyumba yake. Amepiga mipira kumi, tisa imeingia kwa maua. Mtu wa shamba anaokota akinung'unika, na mimi nasema vizuri sana, mama, vizuri. Nikishindwa hii ndiyo kazi itabaki. Na mkono ukikataa, hata hii itaenda.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi na Mzee Oloo, kedi wangu. Walibeba mabegi ya fimbo za wachezaji pamoja na marehemu baba, na tangu nianze amebeba yangu. Ana mazoea yake: tukitoka kila shimo anasema nambari ya mapigo yangu kwa sauti. Nne. Tano. Hajawahi kosea, na hajawahi nipunguzia hata siku moja. Nimemuuliza kama hachoki. Amesema atapumzika nikipanda ndege.

Jioni nimefika nyumbani Waithaka nikapata mama ameshaambia wamama wa kanisa. Ati wanafunga hadi Ijumaa jioni. Nikamwambia mama, kuna Jumamosi na Jumapili pia. Akasema basi wataongeza.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika hii. Lakini nikikaa nayo nitapasuka.

Shimo la kumi na moja mpira wangu ulienda chini ya miti. Kulikuwa na kijiti kando yake, nikakiondoa, na mpira ukasogea. Upana wa kidole, si zaidi. Nikaurudisha mahali pake. Hiyo ni pigo moja la adhabu, na unajiongezea mwenyewe. Gofu haina refa wa kukufuata nyuma. Mtu anajishtaki — mchezo wote umekaa hapo. Na si ati sikujua. Nimejishtaki mara ngapi, hata mwaka juzi nikapoteza kombe kwa kujishtaki, watu wakanisifu hadi nikaona haya.

Nanjala alikuwa upande ule mwingine, anatafuta mpira wake. Leo yeye ndiye alikuwa anaandika kadi yangu na mimi naandika yake, maana hakuna mtu anajiandikia. Tumeanza haya mambo pamoja na Nanjala, tumelala kitanda kimoja safari nzima za mashindano. Akauliza, Kasyoki, hapa umepata ngapi? Nikasema tano.

Ilikuwa sita.

Mzee Oloo hakusema nambari. Alipangusa fimbo, akairudisha kwa begi, tukaenda. La kumi na mbili akasema "nne", kama kawaida. La kumi na tatu, "nne". Ile ya kumi na moja ameiacha hivyo tu, kama haikuwa.

Kwa meza ya kadi bado nilikuwa na nafasi. Ningesema Nanjala, ongeza moja, ingeisha hapo. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikafikiria daktari, nikaweka sahihi. Na ukishaweka sahihi ukijua, si pigo moja tena. Ni kutolewa kwa shindano lote.

Pigo moja. Mimi ni mjinga wa ajabu.

Jumamosi, 15 Machi

Naongoza. Mkono unauma hadi kwa kiwiko. Mzee ananipa fimbo, anasema nambari, basi. Mama amesema maombi yamejibiwa. Sikumaliza chakula.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda. Nanjala ni wa pili. Tofauti — pigo moja.

Naandika nikiwa chumba cha kubadilisha nguo. Viti vimepangwa nje kwa nyasi. Hapa klabu wana desturi yao: kabla ya kutoa kombe, kapteni wa wanawake anasimama anauliza kama kuna mwenye neno kuhusu kadi yoyote, kama pasta kwa harusi. Hakuna mtu huwa anajibu. Watu hucheka kidogo, kisha matokeo yanafungwa.

Saa hii Nanjala ametoka hapa. Alikuwa amelia, akanawa uso, lakini macho yanaonekana. Ameketi kando yangu, akavuta mkono wangu, akaufunga bandeji upya bila kuniuliza. Amesema afadhali ni mimi. Ati ingekuwa mtu mwingine angetaka kadi zote za siku tatu zikaguliwe tena, shimo kwa shimo. "Lakini yako niliandika mwenyewe," amesema. Nikasema asante. Naona aibu hadi kwa mifupa.

Nikatoka nyuma kwa mfereji. Mzee Oloo anaosha fimbo zangu, moja moja, na hakuna mtu atazitumia leo. Nikamuuliza ile ya kumi na moja ilikuwa ngapi. Hakujifanya hajui ni siku gani. Alifunga maji kwanza.

"Sita," akasema.

Nikamwambia Mzee, mbona hukusema. Akasema nambari ni yangu, yeye huikumbusha tu, na siku ile aliona sitaki kukumbushwa. Akauliza kama niko na viatu vingine vya kupigia picha, hivi vina matope. Nikarudi hapa ndani nikalia kidogo. Nikisema, daktari amenipa msimu mmoja na nitakuwa nimeutupa. Nisiposema, nitaucheza wote na hiyo sita.

Mama amefika. Amekuja na wamama wanne, wote na vitambaa vyao vya kanisa, wamekaa mbele kabisa. Mzee amesimama nyuma na begi langu begani. Nanjala amenishikia kiti. Namwona kwa dirisha, ameweka mkono juu yake ndio mtu asikae.

Kapteni amejaribu maikrofoni. Amesalimia wageni. Sasa anauliza.

Watu wanacheka kidogo. Nanjala pia anacheka, anageuka kunitafuta. Nimesimama mlangoni na hili daftari, viatu bado na matope, na ameniona, anapiga kiti kwa mkono, njoo, njoo