Maneno Kwenye Daftari la Vipimo

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya lolote nakusalimu. Mgongo unaendeleaje, na kile kikohozi cha vumbi la kazini? Wifi hajambo? Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne ameshayasahau na anagombana na redio. Mimi ni macho tu. Siku hizi natia uzi sindanoni kwa kubahatisha.

Najua ukiona barua badala ya simu moyo unakwenda mbio. Tulia, hakuna msiba. Ni kwamba jambo hili nikikupigia nitalia kabla sijalimaliza, na unajua nikilia sisikiki.

Kitindamimba wetu anatoka hospitali Jumamosi ijayo.

Kabla hawajamruhusu, ndugu wa wagonjwa wa akili tunatakiwa tuhudhurie darasa kila Jumanne, katika chumba chenye viti vya plastiki na ubao. Anafundisha muuguzi mmoja mfupi, mkali, asiyetaka kusikia neno "kichaa" hata kwa utani. Siku ya kwanza nilikwenda bila karatasi, ikabidi niandike kwenye daftari langu la vipimo. Kwa hiyo sonona iko chini ya kiuno cha mwalimu mkuu, na unyanyapaa umebanwa pembeni mwa mabega ya yule bwana wa posta. Cheka tu, nami nilicheka.

Sonona si uvivu. Ni huzuni inayomkalia mtu wiki hata wiki, mpaka kuoga kunakuwa kazi. Nikakumbuka tulivyokuwa tukimfokea binti wetu huyu wa mwisho aamke. Zile sauti tulizosema anazizua, naye anazisikia kwelikweli, kama mimi ninavyokusikia wewe. Na unyanyapaa ni pamoja na sisi kumficha chumbani wageni wakija. Hilo niliandika nimeinamisha kichwa.

Jumanne ya tatu muuguzi akaandika ubaoni: dhana potofu. Ni jambo lisilo la kweli ambalo mgonjwa analiamini kwa moyo wote, na kubishana naye hakumtoi huko. Akasema linaweza kumwangukia hata mtu anayempenda kuliko wote, yule anayemletea chakula. Nikaweka kalamu chini. Nilikuona wewe, siku ile ya likizo yako, umesimama na kikombe cha chai ulichomtilia sukari mwenyewe, naye anakimwaga miguuni pako na kukuita muuaji mbele ya mama. Kesho yake ukaondoka. Miezi saba sasa unatuma salamu kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Sasa nikuambie nililokuficha. Dawa zake nilikuwa nazitunza mimi, ndani ya kopo la vifungo, nikimpa kila asubuhi. Alipoanza tena kushona pindo zilizonyooka na kumtania mama, nikasema huyu amepona, mtu mwenye afya yake simlishi vidonge. Nikaacha kumpa. Sikumuuliza daktari, sikumwambia mtu. Wiki sita baadaye ukaja wewe na kikombe chako.

Darasani ndipo nilipojua kwamba ule utulivu ulikuwa kazi ya dawa. Kwa hiyo chai ile niliimwaga mimi. Nikakuacha uende ukiamini mdogo wako anakuchukia, kwa sababu niliogopa kusema. Nisamehe, mdogo wangu. Kama moyo haujaweza, nikasirikie mimi, yeye mwache.

Yeye nimeshamwambia. Akasema kopo la vifungo libaki la vifungo. Dawa atazishika mwenyewe. Kazi yangu itakuwa kuuliza tu.

Jumamosi saa kumi jioni atakuwa hapa nyumbani. Piga simu yangu, nitampa. Sikuombi useme mengi. Anakumbuka alichokufanyia, kila neno, na kinachomtisha katika kutoka hospitali si majirani, ni kwamba huenda hutataka kumsikia tena.

Msalimie sana wifi, na yule fundi mwenzako wa chumba cha pili, anayekoroma. Mama anakubusu na anasema ule ushibe. Mungu akuwekee mkono begani kila unapopanda ngazi za kazini, na akurudishe kwetu mzima.

Wako akupendaye,
Dada yako mkubwa.

Nimekaribia kusahau: hospitali kuna chumba cha kazi za mikono, na cherehani moja kuukuu. Anakushonea shati la bluu. Daftari langu hakuliomba, vipimo vyako anavyo kichwani. Limebaki kola tu. Aliniuliza kama shingo yako bado ni kumi na tano na nusu, au umenenepa huko. Nikamwambia sijui, akuulize mwenyewe. Kola ameiweka pembeni, anasubiri Jumamosi.