Sala Ndefu Nyuma ya Turubai

Butembo, tarehe 4 Desemba 2000

Mama Orpa mpendwa,

Naomba msaada kama unavyowasaidia wengine gazetini, na naomba unijibu upesi, maana siku zinakwisha na mimi sina pa kukimbilia. Jina langu ni Jumaine, nina miaka thelathini na moja, ni Mwislamu, nilikuwa dereva wa lori hadi mwaka jana, sasa nauza vipuri vya magari mbele ya nyumba yangu hapa upande wa Rughenda, na sijawahi kuiba wala kumpiga mtu, lakini nimedanganya avenue nzima, yaani mtaa wetu wote, na uongo wenyewe wameula na ugali.

Chini ya avenue yetu kulikuwa na parsele tupu, kiwanja cha mtu aliyekimbilia Kampala vita vilipoanza, watu wakaigeuza jalala, na wakati huo kila mmoja wetu alikuwa amejifungia kwake, huyu akimdhania yule kwamba anapeleka maneno kwa askari, hata salamu ilikuwa shida, mpaka siku moja ya salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, Papa Abdias ambaye ndiye mkuu wa avenue akasema tumechoka kufagia mbele ya ofisi za wakubwa, leo tufagie kwetu. Tulifagia Jumamosi nne. Mwenye parsele akatuandikia kwamba tuitumie hadi atakaporudi, wanawake wakapanda majani, wanaume tukapigilia mabenchi ya mikaratusi, wavu wa voleboli ukafungwa, na usicheke Mama Orpa, watu walianza kusalimiana tena kwa sababu mpira ulikuwa unaangukia ndani ya nyua zao na lazima mtu abishe hodi aufuate.

Basi mwezi wa Agosti tukaamua kufanya siku ya avenue, tule wote pamoja, mchana kweupe, tumalize kabla ya saa kumi na mbili kama wakuu wa kartiye walivyotaka. Unajua desturi ya hapa: Wakristo ni wengi, sisi Waislamu tuko nyumba tano tu, lakini sherehe ikiwa ya wote mbuzi huchinjwa na Mwislamu ili asiwepo mtu wa kukaa pembeni na sahani tupu, na kwa kuwa nyumba moja ni ya mjane na wanaume wa zile nyingine tatu wako safarini siku zote, nilibaki mimi peke yangu. Mtu mmoja alipendekeza tumwite mchinjaji kutoka msikitini, Papa Abdias akakasirika: "Tuko na mwislamu wetu hapa, tutaenda kutafuta mwengine wa nini?" Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu kama mjinga.

Sasa siri yangu ni hii: siwezi kuona damu. Zamani niliweza, nilifundishwa na baba nikiwa mdogo, lakini mwaka jana lori letu lilipigwa risasi karibu na Alimbongo tukiwa na mzigo wa viazi, na Kasika, msaidizi wangu, alifia mapajani mwangu kabla hatujafika Lubero, na tangu siku ile nikiona damu hata ya kuku masikio yanavuma na miguu inakatika. Sijamwambia mtu isipokuwa Josaphat, seremala, Mkatoliki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Josaphat akatundika turubai pembeni ya uwanja, akawaambia watu ni kwa ajili ya watoto wasiogope, tukaingia nyuma yake mimi, yeye na mbuzi, akaninong'oneza: "Funga macho, taya jina ya Mungu, mie nitakata. Mbuzi hapana uliza ni nani alikata." Nikafunga macho, nikataja jina la Mungu, nikasikia ile sauti, nikaanguka. Alinilaza juu ya majani ya migomba, akanipepea kwa kofia yangu mwenyewe, na watu walipoanza kuita mbona tunachelewa, akatoa kichwa nje akasema: "Mumuache kwanza, anaomba." Niliomba karibu nusu saa, Mama Orpa.

Mwezi wa Oktoba, jirani yetu Vagheni alipomwoza binti yake Falonne pale pale uwanjani, tulirudia mambo yale yale, na safari hiyo niliomba zaidi.

Ningeweza kuishi na hayo kama si Mama Hadjara. Huyu ni mjane kutoka Beni, anauza mafuta ya mawese, na ndiye mama wa Hadidja ninayetaka kumwoa. Alikuwa hali chakula cha jirani yeyote, alikwenda kwenye sherehe za watu na chakula chake kimefungwa kwenye kitambaa, lakini siku ile ya Agosti alikula, akaomba aongezwe, akalia kidogo, akasema tangu ahamie Butembo hajawahi kula na watu nje ya nyumba yake. Siku hizi sufuria kubwa za sherehe ni zake. Na ile sala yangu ndefu ilimwingia moyoni, akawaambia wanawake wenzake: "Kijana anaomba vile juu ya mbuzi, bibi yake hatalia." Wiki hiyo hiyo akakubali posa niliyoingojea miaka miwili.

Mwaka huu Noeli na Idi zinafuatana, siku mbili tatu tu kati yake, na avenue imeamua kuzifanya sherehe moja siku ya Idi. Wakatoliki wamekubali kula maharagwe siku ya Noeli ili wangoje nyama pamoja nasi, hata Papa Edmond, ambaye anasema Noeli bila nyama ni Kwaresima iliyopotea njia, amekubali. Mbuzi ni watatu. Papa Abdias ametangaza kwamba turubai halitakuwepo, nichinje mbele ya wote ili watu wasikie sala, na Mzee Lukman, kaka yake Mama Hadjara, atakuja kutoka Beni kuzungumzia ndoa na atasimama kando yangu.

Nikisema ukweli, Mama Hadjara atajua nimemlisha nyama asiyoijua, mara mbili, Hadidja nitamkosa, na zile nyumba tano zitarudi kula peke yao na uwanja utarudi kuwa jalala. Nikinyamaza nitaanguka mbele ya mkwe na avenue nzima. Josaphat anasema tutangaze nimeteguka mkono. Nifanye nini, mama? Hata funga yangu mwaka huu haina raha.

Ni mimi, Jumaine

*

Jumaine, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa ofisi akaja kuuliza kuna nini, na nikamwonyesha pale kwenye kofia, utanisamehe. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na mkono ulioteguka, tuutupe. Mkono hupona. Mwakani utategua nini, shingo? Huyo Josaphat wako ana moyo wa dhahabu na akili ya mbuzi wake, mwambie nimesema hivyo. Jirani mwema hukusaidia kubeba mzigo, yeye kila sherehe anakuongezea mwingine.

Kosa lako nitakuambia lilipo, kwa sababu naona umeyachanganya mambo mawili na unayaonea aibu yote sawasawa. Kosa ni kwamba mama mmoja aliyekuwa haamini sufuria ya mtu aliiamini yenu, na wewe ulikuwa unajua, ukamwacha aongeze sahani. Hilo ni baya, Jumaine. Huyo mama hakula mbuzi tu, alikula neno lenu. Mambo ya halali si kazi yangu, mimi ni mwanamke wa kwaya, sitakufundisha dini yako. Lakini nilipita kwa shehe mmoja ninayemfahamu, sikutaja jina wala avenue, akaniambia aliyekula bila kujua hana dhambi, na aliyejua aende akaseme. Mengine kamuulize mwenyewe, usijifiche nyuma yangu kama ulivyojificha nyuma ya turubai.

La pili, kuogopa damu, si kosa hata kidogo. Mwenzako alikufia mapajani. Ulitaka uamke kesho yake uchinje kuku huku unapiga mluzi? Toka Oicha mpaka Lubero, katika miaka hii, nionyeshe nyumba ambayo haina mtu wa kushtuka. Mimi mwenyewe nikisikia buti kwenye changarawe nasahau nilichokuwa nikisema, na unajua watu wanavyosema mdomo wangu hauna likizo. Unafikiri wanaume wa avenue yenu wamepona wote na ni wewe peke yako uliyebaki? Wanakaa kwenye yale mabenchi wakiangalia voleboli, na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Basi fanya hivi, na usipunguze kitu. Kesho baada ya futari nenda kwa Mama Hadjara kwa miguu yako. Usimtume Hadidja kwanza akupimie hewa, huyo binti usimweke kati yako na mama yake kabla hujamwoa. Josaphat aende nawe, maana kisu kilikuwa mkononi mwake, ila aseme akiulizwa tu. Usibebe zawadi. Anza na uongo, Alimbongo baadaye: ukianza na Alimbongo utakuwa unatafuta huruma kabla ya kuomba radhi, na mama huyo ana akili, atakuona. Akifoka, nyamaza. Akikufukuza, toka, urudi kesho kutwa. Kisha Jumamosi, kwenye salongo, majembe yakiwa chini, wasimulie na wengine, na mchinjaji wa kweli atafutwe mapema, maana mbuzi watatu hawangoji toba yako.

Na usiniambie uwanja utarudi kuwa jalala. Watu waliofagia Jumamosi nne na kukubali maharagwe siku ya Noeli hawatengani kwa sababu dereva mmoja alizimia. Watatengana wakigundua wenyewe, siku ya sherehe, mbele ya mgeni kutoka Beni. Hapo hata mimi sitakuwa na la kukuandikia.

Jibu hili nakutumia kwa mkono. Gazetini halitaingia mpaka wewe mwenyewe uniambie umeshasema. Vaa shati safi uende.

Mama Orpa

*

Ndugu wasomaji, mmeona tumechapa na majina yote. Ni kwa ruhusa ya wenyewe, na kwa amri ya Mama Hadjara, ambaye alisema uongo uliliwa hadharani kwa hiyo na ukweli uliwe hadharani. Aliyenisimulia yaliyobaki ni Jumaine, alipokuja hapa ofisini Jumatatu na Josaphat nyuma yake ameshika kofia.

Mama Hadjara alisikiliza yote bila kuinua macho, akamfukuza. Siku ya pili akamfukuza tena, ila polepole zaidi. Jumamosi alikuja mwenyewe kwenye salongo, mama ambaye hajawahi kushika jembe la avenue, akasimama kando ya Jumaine aliyekuwa akisimulia, na Jumaine anasema hakujua kama amekuja kumsaidia au kumhukumu. Jumaine alipofika kwenye habari za Kasika hakuna aliyecheka. Papa Abdias alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akasema yeye ile njia ya Alimbongo hajaipita tena tangu shemeji yake auawe huko, huwa anawadanganya watu kwamba ni mgongo unamuuma.

Papa Edmond akashindwa kuvumilia: "Donc, basi, tutakula ao hatutakula?"

"Mutakula," Mama Hadjara akajibu. "Lukman atachinja, na Josaphat ataosha sufuria zangu zote. Na huyu mukwe wangu atakaa pembeni yangu, mie mwenyewe nitamuziba macho na kitenge."